Kulaza mashine ya boti kabla ya baridi: anza na petroli

Watu wakisikia mashine ya boti inalazwa kwa msimu wa baridi wanawaza barafu tu, na kweli barafu inapasua chuma, ila mimi iliyonifundisha adabu ni petroli. Nilifungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, baada ya miezi 5 nikakuta chini ya bakuli lake kuna utomvu wa kahawia unanata kama gundi, na kale katundu ka kupitishia mafuta, kembamba kuliko sindano, kameziba kabisa. Na mashine niliizima ikiwa inalia safi tu.

Kwa hiyo anza huko. Weka petroli mpya, ongeza stebilaiza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ujue hiyo dawa haifufui petroli iliyochacha, inailinda ile nzima isichache. Alafu usimwage dawa kwenye tangi ukaondoka zako! Washa mashine dakika 10 mpaka 15 (ikiwa imeungwa maji, naeleza hapo chini), manake bila hivo kwenye kabureta au nozeli, zile za kupuliza petroli ndani ya injini, bado imekaa ile ya zamani, ambayo ndo itakayoganda.

Dakika hizo hizo tunaoshea chumvi, kazi mbili kwa mpigo. Bana vile vikombe vya mpira kwenye matundu ya kunyonyea maji, unganisha bomba la maji yasiyo na chumvi, gia iwe huru, kaa mbali na propela, fungua maji KWANZA ndo uwashe. Impela, yale mapanga ya pampu ya maji, ni mpira, ikizunguka kavu hata sekunde chache inaanza kuungua. Hakikisha maji yanaruka kwenye kitundu cha nyuma.

Kama ni tuu stroki (inayochoma oili pamoja na petroli) ya kabureta, dakika ya mwisho puliza oili ya kuhifadhia kwenye mdomo wa hewa mpaka itoe moshi mzito kisha zima. Za nozeli wengi wanachomoa plagi, wanapuliza kidogo ndani ya kila silinda na kuzungusha injini kwa mkono, ila hapo fuata kitabu cha mashine yako. Foo stroki (yenye oili yake peke yake) badilisha oili na filta yake ikiwa bado ya moto, ile chafu ina asidi na unyevu, sio kitu cha kuachia beringi zilale nacho. Filta ya petroli inayotenga maji nayo badilisha.

Tangi tujaze au tumwage? Huu ubishi hauishi. Mimi dogo la kubeba namwaga, hilo la kudumu ndani ya boti najaza karibu lijae, naacha nafasi kidogo ya petroli kutanuka. Tangi nusu lina hewa nyingi, hewa inaleta unyevu, na petroli yenye ethanoli inakunywa huo unyevu mpaka siku unazidi, ethanoli na maji vinajitenga vinazama chini kabisa, pale pale mrija unaponyonya, na hapo hakuna dawa, ni kumwaga yote. Dizeli nayo jaza, uweke na dawa ya kuua vijidudu, vinginevyo unaota uteute mweusi unaoziba filta.

Sasa gia ya chini, hapa usiwe na haraka. Kinga chombo, fungua skrubu ya chini alafu ya juu, angalia oili inavyotoka. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili (mpira wa kuzuia maji) imekufa, na maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, nyumba ya gia inachanika hivi hivi na hujaigusa. Tengeneza sili kabla ya baridi, sio baada. Kujaza ni kwa pampu ya oili kutokea tundu la chini mpaka oili itokeze juu bila mapovu, kisha funga ya juu kwanza, ndo utoe pampu ya chini, hapo haitamwagika sana. Weka washa mpya, vile vipete vya chini ya skrubu. Chomoa na propela uangalie kama kuna mshipi wa kuvulia umejisokota nyuma yake, huo ndo unaokata sili, halafu paka grisi shafti.

Mashine ya kupachika nyuma ya boti iache imesimama wima maji yashuke yenyewe, ukiilaza imeinama yanabaki yametuama ndani. Ya ndani ya boti haijimwagi, inabidi uinyonyeshe antifrizi (dawa ya kuzuia maji yasigande) ya propilini glaikoli mpaka uione rangi yake ikitoka kwenye ekzosi. Usitumie ile ya ethilini, ni sumu na inaishia majini.

Betri ijae chaji ndo uitoe, ikiwa tupu inaganda mapema sana, ikijaa inavumilia baridi kali.

Mwisho chukua kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, andika ulichoacha wazi: plagi hazijakazwa, kizibo cha maji kimetolewa, bomba halijarudishwa. Kibandike juu ya tundu la ufunguo, usiishie kuandika kwenye simu.