Namna ya Kuzuia Nati na Bolti za Stenlesi Zisilane kwa Kutumia Vilainishi Vikavu

Fundi aliyezoea bolti za chuma cha kawaida, ambazo katika hewa ya chumvi ya Tanga huanza kuvimba kwa kutu kabla masika mawili hayajapita, hufurahi sana anapohamia kwenye stenlesi. Furaha hiyo hudumu mpaka siku nati inapokwama katikati ya bolti, haipandi wala haishuki, ilhali zote mbili ni mpya na zinang'aa. Mimi nilifikwa na jambo hilo Sahare, nilipokuwa nafunga reli za boti ya uvuvi kwa bolti za M12, yaani zenye kipenyo cha milimita 12, na nati zenye pete ya nailoni. Nilikuwa na mashine ya betri ya kukazia, na kwa kuwa jua lilikuwa linakaribia kuzama, niliiachia izunguke kwa kasi yake yote.

Nati ya tatu ilianza kutoa mlio mkali. Nahodha, mzee aliyekuwa amekaa ukingoni akishona wavu, aliniuliza, "Fundi, mbona inalia?" Nikamjibu, "Inakaza tu, mzee." Haikuwa inakaza. Nilipoigusa ilikuwa ya moto, na nilipojaribu kuirudisha kwa spana, bolti ilikatika shingoni. Bolti nne niliziondoa kwa grinda siku iliyofuata, kwa gharama yangu mwenyewe.

Kilichotokea pale mafundi hukiita kulana kwa hesi (hesi ni yale meno ya kuzunguka yaliyochongwa kwenye bolti na ndani ya nati), na ni vyema kukielewa kabla ya kutafuta dawa yake, kwa sababu wengi hukichanganya na kutu. Stenlesi ni chuma chenye kromi isiyopungua asilimia 10.5, na kromi hiyo hushikana na oksijeni ya hewani na kujenga utando mwembamba wa nanomita chache tu, ambao ndio unaoizuia isipate kutu. Nati inapozunguka juu ya bolti kwa mgandamizo mkubwa, vilele vidogo vya hesi husuguana, utando ule hukwanguka, na metali tupu hukutana na metali tupu ya aina ileile. Hapo hushikana kana kwamba zimelehemiwa, ingawa hakuna moto uliowashwa. Ukiendelea kuzungusha, vipande vilivyoshikana huchomoka, hujikusanya mbele ya njia ya nati na kukwangua sehemu nyingine, mpaka hesi zote zinakuwa donge moja. Alumini na titani nazo zina tabia hiyo hiyo, kwani nazo hutegemea utando wa aina hiyo. Kwa sababu hiyo mafuta ya kupenya, ambayo hufungua nati iliyoshikwa na kutu, husaidia kidogo sana kwa nati iliyolana. Dawa yake hutangulia mzunguko wa kwanza wa nati.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini grisi ya kawaida isitoshe. Grisi husaidia, na ni bora kuliko kufunga pakavu, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba, pale ambapo nyuso za hesi zinabanana kwa nguvu, mafuta husukumwa pembeni na kuuacha mgusano ukiwa mtupu, wakati unga mgumu uliojipachika kwenye metali hubaki mahali pake. Ya pili wataijua vizuri waliofanya kazi mashambani, karibu na mashine za korona za kusindika mkonge: grisi hukusanya vumbi, nyuzi na mchanga, na baada ya muda inageuka kuwa msasa. Kilainishi kikavu hakinasi uchafu kwa namna hiyo.

Vilainishi vikavu vinavyopatikana kwa urahisi ni vitatu. Cha kwanza ni molibdeni disalfaidi, ambayo wengi huifupisha kuwa moli. Chembe zake zimepangwa kama karata: karata moja huteleza juu ya nyingine kwa wepesi, lakini pakiti nzima inahimili kushinikizwa kutoka juu. Katika hewa ya kawaida hufanya kazi mpaka kiasi cha nyuzi joto 350 za Selsiasi, na huhimili mzigo mkubwa sana. Udhaifu wake ni unyevu. Moli iliyopakwa kama unga mtupu na kuachwa nje kwenye hewa ya pwani huongezeka msuguano na kuharibika polepole. Kwa hiyo, kwa kazi za nje, ninapendelea moli ya kupuliza iliyochanganywa na gundi maalumu inayokauka na kuwa kama rangi, na unga ninauacha kwa kazi za ndani.

Cha pili ni grafaiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli, na hiki ndicho ambacho watu hukitumia vibaya zaidi hapa kwetu. Grafaiti nayo ina matabaka yanayoteleza, ila kinyume cha moli yenyewe huhitaji unyevu wa hewani ili iteleze. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, brashi za kaboni za jenereta za ndege, ambazo huteleza kwa grafaiti iliyomo ndani yake, zilikuwa zikisagika haraka sana kwenye anga za juu, kwa sababu hewa ya huko ni kavu mno. Tanga hatuna upungufu wa unyevu. Tatizo letu ni kwamba grafaiti hupitisha umeme, na ikikutana na maji ya chumvi kwenye alumini au stenlesi hutengeneza kitu kama betri ndogo ambayo huila metali iliyo jirani yake. Nimewahi kuona bolti za boti zilizopakwa unga wa penseli kwa nia njema kabisa, nazo zikawa na vishimo kuzunguka kila hesi. Grafaiti ipelekwe kwenye oveni, bomba la moshi la jenereta na milango ya tanuri, mahali penye joto na pasipofikiwa na maji ya bahari.

Cha tatu ni tefloni, iliyogunduliwa na Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938, na ambayo kila fundi bomba anaijua kama tepu nyeupe. Haiathiriwi na chumvi wala na kemikali nyingi, na hufaa mpaka nyuzi joto 260. Hata hivyo ni laini, na ikibanwa kwa nguvu nyingi hutambaa na kutoka mahali pake. Naitumia kwenye viungo vya mabomba ya stenlesi na skrubu ndogo, lakini kwa bolti inayobeba mzigo mzito nairudia moli. Unga wa tefloni ukiwa mikononi, usivute sigara kabla ya kunawa, kwani ukiungua hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua.

Kazi yenyewe huanza dukani. Kwa kipimo cha M12, chagua hesi pana, zenye nafasi ya milimita 1.75 kutoka jino hadi jino, badala ya zile nyembamba za 1.25, kwa sababu hesi nyembamba hugusana kwenye eneo kubwa zaidi na hulana upesi. Soma kichwa cha bolti: A2-70 ni stenlesi ya kawaida (70 ni daraja la nguvu yake), na A4-70 ina molibdeni ndani yake na hustahimili chumvi zaidi. Wapo wanaoshauri kuchanganya bolti ya A4 na nati ya A2, kwa kuwa metali zisizofanana kabisa hazishikani kwa urahisi, na ushauri huo una ukweli. Lakini kwa vitu vinavyorushiwa maji ya bahari nati ya A2 ndiyo itakayoanza kuota madoa ya kahawia, kwa hiyo mimi hutumia A4 pande zote mbili na kutegemea kilainishi.

Kabla ya kupaka chochote, ijaribu kila nati kwa vidole. Inapaswa kushuka mpaka mwisho wa hesi bila spana, isipokuwa nati yenye pete ya nailoni, ambayo itashuka mpaka pete inapoishika bolti tu. Ikisita mahali, pitisha ukucha kwenye hesi na utaona kijino kilichobaki kiwandani au alama ya kugongwa. Nati ya namna hiyo iweke kando. Kisha osha bolti na nati kwa asetoni, mbali na moto, mpaka kitambaa cheupe unachofutia kibaki cheupe, kwa sababu kilainishi kikavu hakishiki juu ya mafuta. Ikiwa unahitaji kusugua, tumia brashi ya waya wa stenlesi. Brashi ya chuma cha kawaida huacha chembe zake kwenye hesi, na baada ya wiki chache chembe hizo huota kutu.

Ukitumia unga wa moli, chovya kitambaa kidogo kisichotoa nyuzi, kisha sugua hesi kwa kuzungusha bolti ndani ya kitambaa hicho kwa dakika moja au mbili. Mwanzoni utaona unga mweusi umekaa juu tu. Endelea kusugua mpaka metali yenyewe ibadilike rangi na kuwa ya kijivu cha kung'aa, kama kichwa cha risasi ya penseli kilichosuguliwa na kidole. Hapo ndipo unga umejipachika. Unga uliozidi uupulize au uukung'ute, kwani ukijaa kwenye mabonde ya hesi hushindiliwa na kuizuia nati isikae sawasawa.

Ukitumia moli ya kupuliza, tikisa kopo mpaka usikie goroli likicheza kwa uhuru, na uendelee kutikisa dakika moja baada ya hapo, kwa sababu unga mzito hukaa chini. Pulizia kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 30, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, na ufuate muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo. Siku za kusi usipulizie nje, kwa kuwa nusu ya dawa itakwenda kwa jirani, na siku za mvua subiri chuma kipoteze jasho lake kwanza. Tabaka lililokauka vizuri halitoki kwa kufutwa na kidole.

Jambo linalosahauliwa ni uso wa nati unaogusa washa, ile pete bapa ya chuma inayokaa chini ya nati. Karibu nusu ya nguvu unayoiweka kwenye spana hupotea kwa msuguano wa uso huo, nyingine karibu asilimia 40 hupotea kwenye hesi, na takriban asilimia 10 tu ndiyo inayoivuta bolti. Uso huo nao upakwe.

Mgawanyo huo unaleta hatari ambayo fundi asiyeijua ataivunja bolti kwa mikono yake mwenyewe. Tuseme bolti ya M12 inatakiwa ivutwe kwa kilonyutoni 20. Ikiwa kavu, kwa kizidisho cha msuguano cha 0.20 (namba unayoizidisha na kipenyo cha bolti na nguvu ya mvuto ili kupata nguvu ya kukaza), utahitaji kukaza kwa nyutonimita 48. Ikiwa na moli, ambayo kizidisho chake huweza kushuka hadi 0.12, nyutonimita 29 zinatosha. Ukikaza kwa 48 ileile, bolti itavutwa kwa kilonyutoni 33, na M12 ya daraja la 70 huanza kurefuka bila kurudi urefu wake wa awali inapokaribia 38. Kwa hiyo tumia kizidisho kilichotolewa na mtengenezaji wa kilainishi chako, na kwa kazi nzito tumia spana ya torki, yaani ile inayopima nguvu ya kukaza. Pale ambapo mtengenezaji wa mashine ameagiza bolti zifungwe kavu, kama ilivyo kwa nati nyingi za magurudumu ya magari, usipake kitu. Vivyo hivyo kwenye viungo vya mitungi ya oksijeni, usipake mafuta, grisi wala kilainishi chochote ambacho hakikuidhinishwa kwa oksijeni.

Kufunga kwenyewe kuwe kwa polepole. Zungusha nati kwa vidole kadiri inavyokwenda, hakikisha vipande viwili vimekaa sambamba ili bolti isivutwe upande, kisha malizia kwa spana ya mkono. Mashine ya kukazia iache kwenye begi lake, kwa sababu kasi huzaa joto, na joto ndilo linaloharakisha kulana. Nati zenye pete ya nailoni zinahitaji uangalifu zaidi, maana husuguana kuanzia pete inapoishika bolti hadi mwisho. Gusa nati kila baada ya mizunguko michache. Ikiwa vuguvugu, pumzika mpaka ipoe. Na ukihisi spana inakuwa nzito ghafla, kama inayokanyaga mchanga, kabla nati haijagusa washa, acha papo hapo. Usiongeze bomba kwenye mpini wa spana. Tia mafuta ya kupenya, subiri ipoe kabisa, kisha irudishe kwa robo mzunguko, mbele kidogo na nyuma zaidi, mpaka itoke.

Isipotoka, usishindane nayo. Ipasue nati kwa grinda upande mmoja, sambamba na bolti, bila kufika kwenye hesi, kisha ifungue kwa tindo. Baada ya hapo utakuta vijitonge vya metali vimebanduka na kulala kwenye mabonde ya hesi. Bolti ya namna hiyo usijaribu kuiokoa kwa kuipitishia dai (kifaa cha kuchongea hesi), kwa maana nyuso zilizochubuka zitaanza kulana tena katika mzunguko wa kwanza. Weka bolti mpya pamoja na nati mpya. Na kila unapofungua kiungo kwa ajili ya matengenezo, hata kama kimefunguka kwa urahisi, osha hesi na upake upya, kwa sababu sehemu ya tabaka hukwanguka kila nati inapopita.