SOMO: Kupima goita (uvimbe wa tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo) kwa mkono, hatua kwa hatua (soma kabla ya kuuliza)

Swali la "mgonjwa ana uvimbe shingoni, nianze na kipimo gani?" linarudi humu kila mara. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Anza na macho, masikio na mikono yako, maabara baadaye.

1. Mkalishe kwenye mwanga, shingo iwe wazi mpaka mtulinga. Mpe glasi ya maji.

2. Mwache aongee. Sauti ikikwaruza, andika kwenye faili leo hii. Neva inayoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma ya tezi ya thairoidi, kwenye mfereji kati ya bomba la hewa na umio. Sauti isipoandikwa kabla ya upasuaji, hakuna atakayejua iliharibika lini.

3. Ameze. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanamwambia "meza mate", na mtu mwenye hofu koo limekauka, akimeza mara moja, ya pili haiwezi. Basi aweke funda la maji mdomoni, asubiri umwambie. Tezi ya thairoidi imefungwa kwenye zoloto (kisanduku cha sauti) na bomba la hewa, kwa hiyo hupanda nayo akimeza. Uvimbe usiopanda huenda ni tezi ya limfu au uvimbe wa mafuta. Lakini usijipe moyo haraka: saratani iliyoshikamana na nyama za jirani haipandi, na goita kubwa sana pia hukwama.

Akimeza, tafuta ukingo wa chini. Kidole kisipoweza kupita chini yake, goita inaweza kuwa imeshuka kifuani. Ainue mikono yote miwili hadi iguse masikio, akae hivyo dakika moja. Kwa ngozi zetu usingoje wekundu: angalia uso unavyojaa na kuwa mweusi zaidi, mishipa ya shingo inavyotuna, pumzi inavyobana. Ukiona hayo, shusha mikono mara moja, andika rufaa ya haraka.

Uvimbe wa katikati unaopanda anapotoa ulimi ni kifuko kilichobaki kwenye njia ambayo tezi ilishukia kutoka shina la ulimi, mtoto akiwa bado tumboni.

4. Simama nyuma yake, upapase upande mmoja baada ya mwingine. Usibane pande zote mbili kwa pamoja, bomba la hewa huenda tayari limebanwa. Uvimbe mgumu, unaokua haraka, wenye tezi za limfu pembeni: usicheleweshe.

5. Hesabu mapigo, tazama vidole kama vinatetemeka, na macho kama yametokeza.

6. Sasa maabara: TSH, homoni inayoiamuru thairoidi, ndiyo ya kwanza. Ikiwa chini, ongeza T4 huru na T3, homoni za thairoidi yenyewe. Kisha altrasaundi, na sindano ya kunyonya chembe kwa uvimbe unaotia shaka.

MASWALI

Mdau wa Mbozi: Mkuu, mama ana goita, nitajie dawa nimnunulie.

Jibu: Hakuna dawa moja ya goita. Tezi inaweza kuwa inafanya kazi kupita kiasi, au chini ya kiasi, au kawaida kabisa. Rudi hatua ya 6.

Mdau wa Mbozi: Si utaje tu hata jina?

Jibu: Sitaji. Dawa isiyo yake inaweza kumvuruga moyo. Mpeleke akapimwe.

Mwaka wa Tatu: Kwa nini ugonjwa wa kifuani unaharibu sauti, na mara nyingi ni neva ya kushoto?

Jibu: Swali zuri sana. Neva zote mbili hushuka, kisha hugeuka kurudi juu kwenye zoloto. Ya kulia huzunguka ateri iendayo mkono wa kulia, chini ya shingo. Ya kushoto hushuka hadi kifuani, ikazunguka upinde wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Uvimbe wa pafu la kushoto unaweza kuifikia huko, wakati tezi ni nzima. Kwa hiyo sauti iliyokwaruza bila goita ipigiwe picha ya kifua.

Nesi wa Wodi: Baada ya upasuaji nihofie nini zaidi?

Jibu: Damu kuvuja shingoni, hasa saa 24 za mwanzo. Mgonjwa anahangaika, shingo inajaa, pumzi inakoroma. Piga kelele za msaada, na anayeweza afungue nyuzi za kidonda palepale kitandani. Kungoja chumba cha upasuaji kunaua. Mkasi na seti ya kufungulia vikae kando ya kitanda tangu anapotoka. Akisikia ganzi mdomoni au vidoleni siku zinazofuata, kalsiamu imeshuka: tezi ndogo nne zilizo nyuma ya thairoidi zimeguswa. Pima kalsiamu, mwite daktari.

Mama Chumvi: Chumvi yangu ya madini joto, ya kuzuia goita, naiweka kwenye bakuli wazi karibu na jiko, kuna shida?

Jibu: Ipo. Joto na unyevu hupoteza madini joto (iodini). Tumia chombo chenye kifuniko, mbali na moto, utie chumvi chakula kikikaribia kuiva.