SOMO: Chombo gani upandie mimea dawa nyumbani (kwa sisi wa Dodoma na kanda ya kati)

Habari zenu wadau. Kila wiki naulizwa lile lile, mchaichai umekauka, rozimeri inanyauka na maji nampa kila siku, nanaa imekuwa njano, nikiomba picha naona kopo la rangi au kile kiriba cha mche alichonunulia barabarani, mmea una mwaka mzima umo mle mle. Watu wanakimbilia mbolea na dawa ya wadudu wakati shida ni chombo. Kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Naongelea mimea ya dawa za nyumbani za kawaida: mchaichai, nanaa, mrehani, kivumbasi, rozimeri, alovera, tangawizi, manjano. Na naongelea huku kwetu, mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili tukijaliwa, baada ya hapo ni jua na upepo mkavu, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Aliyeko Lushoto au Bukoba kule kunakonyesha asifuate hii kama ilivyo, ataozesha mimea.

HATUA YA 1: Jua chombo kilibeba nini kabla

Hii naiweka kwanza makusudi, kwa sababu haya si maua ya kutazama, majani haya utayachemsha na kumpa mtoto mwenye mafua. Ndoo iliyobeba chakula ni sawa. Huku kwetu tuna bahati ya alizeti, madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula hayakosekani, ulizia kwa mama ntilie au wakaanga chipsi, osha kwa maji ya moto na sabuni, kata juu, umepata chombo cha kudumu. Kilichobeba dawa ya shamba, dawa ya mifugo, oili chafu, maji ya betri, rangi au tina, ACHA. Hakuna kuosha kunakotosha. Matairi nayo nayakataa kwa mimea ya kunywa, mpira ule una zinki na kemikali nyingine na ukipigwa na jua unachemka, weka maua. Chini ya plastiki nyingi kuna kapembetatu kenye namba, 2 na 5 ndizo za vyombo vya chakula mara nyingi, 3 na 6 achana nazo.

HATUA YA 2: Kina na upana

Mizizi ya nanaa, tangawizi na manjano inatambaa pembeni, ipe beseni au dumu lililokatwa kwa kulazwa, kina sentimita 20 kwa nanaa, 25 mpaka 30 kwa tangawizi. Mrehani na kivumbasi lita 10 zinatosha. Rozimeri anza na 10 umalizie 20. Mchaichai usipoteze muda, weka lita 20 tangu mwanzo, unatanuka haraka sana na ukibanwa unapasua hata ndoo. Alovera inataka upana kidogo na ukavu, chungu cha udongo kinaifaa kuliko plastiki. Mlonge una mzizi wa kushuka chini, kama huna pipa panda ardhini.

Na ukibabaika kati ya saizi mbili, huku kwetu chukua kubwa. Udongo mwingi ndiyo akiba yako ya maji. Kopo la lita 3 mwezi wa kumi umelimwagilia asubuhi, mchana limekauka, ukirudi kazini jioni mmea umelala, na hapo ndo mtu anaanza kumwaga maji mara tatu kwa siku na kuosha virutubisho vyote.

HATUA YA 3: Rangi na aina

Nyeupe, krimu, njano: nzuri. Nyeusi inakusanya joto. Udongo ukipita nyuzi 40 mizizi mingi inaungua, na ndoo nyeusi juu ya sementi mwezi Oktoba inafika huko bila shida, mmea unanyauka udongo ukiwa umelowa kabisa, mtu anaongeza maji, anaua kabisa. Kama unayo nyeusi ipake chokaa nje au iweke ndani ya chombo kingine kikubwa ibaki nafasi katikati.

Vyungu vya udongo vinapumua na vinapoza mizizi, lakini vinakausha haraka na upepo wetu, viweke upande wa ukuta unaopata kivuli mchana. Bati na makopo ya maziwa ya unga yanapata moto na kutu, mimi siyatumii. Viroba vya salfeti vizuri ila jua linavipukutisha, msimu mmoja au miwili kimeisha, ukikiinua kinabaki mkononi.

HATUA YA 4: Matundu. Someni hapa taratibu

Mchaichai wangu wa kwanza uliishia hapa kwa hiyo nitakuwa mrefu. Watu wengi wanatoboa katundu kamoja katikati kwa msumari baridi, wanajaza kokoto chini "ili maji yapite", kisha udongo juu. Yote mawili ni makosa. Tundu moja la katikati linazibwa na udongo ndani ya mwezi, na ukiweka ndoo juu ya sementi linazibwa siku hiyo hiyo. Kuhusu kokoto, maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe makubwa mpaka udongo ule wa juu yake ushibe kabisa, maana yake ile sehemu inayobaki chepechepe inapanda juu inakutana na mizizi, na umeshapunguza nafasi ya udongo. Mizizi inakosa hewa, inaoza, majani yanakuwa njano kama yana njaa, wewe unaongeza samadi.

Fanya hivi: pasha moto nondo nyembamba au msumari mnene, toboa matundu 6 mpaka 8 chini yenye upana wa kidole kidogo, yatawanye. Kisha toboa mengine 4 UBAVUNI, sentimita mbili kutoka chini, haya ndo yanaokoa chini kukiziba. Ndani weka kipande cha chandarua kilichochakaa, udongo usitoke. Basi. Hakuna kokoto.

Tahadhari: toboa nje kwenye hewa, moshi wa plastiki si wa kuvuta, na watoto wakae mbali. Usitumie kisu, ndoo inapasuka ufa na ufa ule unaendelea. Toboa KABLA ya kujaza udongo, nimeona mtu anatoboa ndoo iliyojaa akachanja mizizi yote.

HATUA YA 5: Inua juu ya matofali mawili, pasibaki pamegusa sementi.

HATUA YA 6: Udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja, maganda ya mpunga au mchanga wa mtoni sehemu moja. Acha vidole viwili juu bila kujaza.

HATUA YA 7: Chumvi

Ule utando mweupe juu ya udongo na ubavuni mwa chungu ni chumvi ya maji ya kisima. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku chumvi inabaki yote mle. Bora umwagilie mara chache lakini mpaka maji yatoke chini. Mvua zikianza toa vyombo vyote barazani vinyeshewe vizuri, mvua ya kwanza kwanza inaosha vizuri kuliko chochote. Chungu kikiwa kitupu kisugue na siki iliyochanganywa na maji.

MASWALI

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu ndoo ya rangi nikiosha na sabuni ya unga mara mbili tatu si poa tu?

Jibu: Soma hatua ya 1.

Mdau wa Nkuhungu: Nimesoma ila rangi yenyewe ni ya maji sio ya mafuta.

Jibu: Nimeandika rangi. Panda maua ndani yake, yatakuwa mazuri. Ya kunywa hapana.

Mama wa Ipagala: Asante kwa somo kaka. Mimi ni mpangaji, nahamahama, ndoo ya lita 20 ikijaa sitaweza kuinyanyua na mgongo wangu huu. Nifanyeje na mchaichai naupenda?

Jibu: Swali zuri sana dada yangu. Lita 20 ikiwa na udongo uliolowa inaweza kukaribia kilo 30, usijaribu peke yako. Fanya hivi, mchaichai ugawe, mashina matatu matatu kwenye vidumu vya lita 10, kila baada ya miezi sita hivi unatoa, unagawa tena, unapanda mashina machanga, majirani utawapa mengine. Ongeza maganda ya mpunga sehemu moja zaidi, udongo unakuwa mwepesi. Na usimwagilie siku mbili kabla ya kuhama, uzito unapungua sana. Tumia dumu lenye mshikio, likate upande wa pili ubakize mshikio.

Mdau: Bro hii inafaa pia kwa bangi ya dawa? Nasikia nje watu wanalima ndani kwenye mifuko ya kitambaa.

Jibu: Huko wanakoruhusiwa kuna sheria zao. Hapa kulima bangi ni kosa la jinai, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na ukisema ni ya dawa haikutoi. Silifundishi hilo. Mwenye maumivu ya muda mrefu aende hospitali, kuna dawa za maumivu zinatolewa kwa utaratibu.

Mwanafunzi, UDOM: Samahani mkuu, hilo la kokoto limenishangaza, nyumbani tumeweka miaka yote. Kuna namna ya kuliona kwa macho?

Jibu: Ipo na ni rahisi. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe kabisa, ishike imelala mkononi isubiri mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Maji yanaanza kutoka tena, bila kuikamua. Ni sponji ile ile na maji yale yale, kilichobadilika ni urefu. Sehemu ya chini ya udongo wowote inabaki na maji yasiyoshuka, kimo chake kinategemea udongo wenyewe, kwa hiyo chombo kirefu kinabakiza sehemu kubwa kavu juu yake na chombo kifupi chote kinakuwa chepechepe. Ukiweka kokoto umekifupisha chombo. Ndo maana alovera kwenye sahani ya kina kifupi inaoza na kwenye chungu inanawiri. Jaribu chombo kimoja na kokoto na kimoja bila, kipindi kimoja cha mvua, uje utuambie.

Mdau wa Kongwa: Mifuko ya kitambaa aliyoitaja yule jamaa ina faida gani hasa? Maana kwenye ndoo nikitoa mche mizizi imezunguka kama kamba.

Jibu: Umeuliza la maana. Kwenye plastiki mzizi ukigonga ukuta unageuka na kuzunguka, mwisho unajibana wenyewe. Kwenye kitambaa ukifika ukingoni unakutana na hewa kavu, ncha inakufa, mzizi unatoa matawi ndani, unapata mizizi mingi mifupi inayonyonya vizuri. Kiroba cha salfeti kinafanya hivyo kiasi. Shida yake kwetu ni upepo, kinakausha pande zote, utamwagilia karibu mara mbili ya ndoo. Ukitaka kushona tumia turubai zito au gunia la katani ulikunje mara mbili, ukaweke kwenye kivuli cha mchana. Kwa hiyo ya kwako iliyozunguka, wakati wa kuhamisha chana mizizi ya nje kwa kisu mistari mitatu minne kutoka juu kwenda chini, usiogope, itatoa mipya.

Mdau: Maelezo marefu mno, fupisha, chombo kipi ni bora? Na nitumie bei.

Jibu: Dumu la mafuta ya kula. Bei uliza huko uliko.

Dada wa Chang'ombe: Mimi nimeweka sahani chini ya kila chungu ili nisichafue baraza, ila mbu wamezidi.

Jibu: Ni hizo sahani. Mbu wa dengi anazaliana kwenye maji kidogo tu yaliyotulia. Mwaga nusu saa baada ya kumwagilia, au jaza mchanga kwenye sahani maji yasionekane juu.

Dada wa Chang'ombe: Sawa nimekuelewa. Na alovera nikishavuna nasaga yote?

Jibu: Hapana dada, ukikata simamisha jani kwenye kikombe, ule utomvu wa njano utoke wote, osha, menya, chukua ute mweupe tu. Ule wa njano unaharisha vibaya. Mjamzito asinywe alovera kabisa.

Mdau wa Mtumba: Nataka kupanda artemisia, chai yake inatibu malaria, chombo lita ngapi?

Jibu: Lita 20, unakua mrefu kuliko mtu. Lakini kwa malaria usiutegemee. Dawa ya hospitali imetokana na mmea huo ndiyo, ila kikombe cha chai hakina kiwango kinachojulikana, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema wazi halikubali mmea huo utumike kutibu wala kukinga malaria kwa namna yoyote. Homa ikipanda kapime, umeze mseto umalize dozi.

Mzee wa Mpwapwa: Vijana, sisi zamani tulifukia mtungi mdogo katikati ya bustani, unajaza maji, unafunika, mimea inakunywa yenyewe. Hamjaliona hilo?

Jibu: Shikamoo mzee, hilo nilipaswa kuliweka kwenye somo lenyewe. Wadau sikilizeni, kwenye beseni kubwa au nusu pipa fukia mtungi wa udongo mpaka shingoni, maji yanapenya taratibu udongo ukikauka na yanasimama udongo ukilowa. Unafaa sana kwa nanaa na tangawizi, kwa alovera na rozimeri usiweke. Mzee, mtungi mnachagua vipi?

Mzee wa Mpwapwa: Marahaba. Usiwe umepakwa rangi wala kung'arishwa. Mwagia maji nje ukiwa dukani, ukiona yananywewa huo unafaa, yakiteleza acha. Na ufunikwe na kigae, la sivyo wale mbu wa huyo binti watahamia humo.

Jibu: Asante sana mzee. Nikipata mtungi nitapiga picha hatua kwa hatua niweke hapa hapa chini.