Wawili kwenye ala moja: kufuma dansi ya kielektroniki kwa mtindo wa amadinda

Maprodyuza wawili wakiungana, mara nyingi hugawana vyombo: huyu ashike ngoma, yule kinanda. Kila mmoja hujaza kona yake, na ukimwondoa mmoja wimbo unaendelea bila pengo. Buganda ina mgawanyo bora zaidi. Wapiga amadinda, marimba ya mbao ya Waganda, hukaa wakitazamana, mbao 12 zikiwa kati yao juu ya vigogo vya mgomba. Omunazi, mpigaji wa kwanza, huanza. Omwawuzi, mpigaji wa pili, huingiza noti zake katikati ya noti za mwenzake, moja baada ya moja, kwa mwendo uleule. Kinachosikika ni nyimbo ndogondogo ambazo hakuna hata mmoja kati yao anayezipiga, kwa sababu sikio hukusanya noti za juu pamoja na za chini pamoja. Mtindo huo unafanya kazi vizuri sana kwenye kompyuta, mradi muuheshimu.

Anzeni na tyuni. Amadinda hugawa oktavu katika hatua tano zinazokaribia kulingana, kila moja takriban senti 240 (senti 100 ni nusu hatua ya kinanda), na oktavu nzima ina senti 1,200. Kwenye sampla (programu inayopiga sauti zilizorekodiwa), noti ya 1 iwe C kamili, ya 2 iwe D iliyopandishwa senti 40, ya 3 iwe F iliyoshushwa 20, ya 4 iwe G iliyopandishwa 20, ya 5 iwe A# iliyoshushwa 40. Besi nayo itumie tyuni hiyohiyo. Mkiweka juu yake kodi (noti zinazopigwa pamoja) za kinanda cha kawaida, sauti zitagombana na zitasikika kama kosa. Programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji nayo izimwe, maana itamvuta kwenye noti za kinanda.

Wekeni mwendo kwenye mapigo 150 kwa dakika. Hapo robo ya pigo ni milisekunde 100 kamili, na hesabu zote zinakuwa rahisi. Mtu wa kwanza apige robo zisizogawanyika kwa mbili (ya 1, ya 3, ya 5), mwenzake apige zinazobaki. Jaribuni hivi:

Omunazi: 5 2 4 1 3 4 5 2 3 1 4 2
Omwawuzi: 2 3 1 5 2 4 1 3 5 2 4 3

Mzunguko una robo 24, yaani mapigo sita. Kiki (ngoma nzito ya chini) ya mapigo manne ikiwa chini yake, viwili hivyo huanza pamoja tena baada ya mapigo 12, sekunde 4.8. Msiukate mzunguko ili ulingane na kiki. Huko kupishana ndiko kunakomfanya mchezaji asichoke.

Mambo matatu huua ufumaji huu. Kwanza, sauti mbili zisizofanana: mmoja akitumia kengele na mwingine sintesaiza nzito, sikio linawatenganisha na zile nyimbo zilizojificha zinapotea. Tumieni sampo (sauti iliyorekodiwa) ileile, wote wawili. Pili, nguvu ya pigo inayopandapanda. Iacheni kati ya 90 na 100, kwenye kipimo cha 0 hadi 127, kwa noti zote, na swingi (kuchelewesha noti za katikati) iwe sifuri. Tatu, kumpeleka mmoja kushoto kabisa na mwingine kulia kabisa. Kwenye ukumbi, aliyesimama karibu na spika moja atasikia nusu ya wimbo. Asilimia 20 kila upande inatosha.

Amadinda ina mpigaji wa tatu, omukoonezi, mwenye mbao mbili za juu. Yeye hufuata noti 1 na 2 popote zinapotokea kwa wenzake, na kuzirudia juu. Kazi hiyo ipeni mashine: nakilini noti 1 na 2 kutoka sehemu zote mbili, zipandisheni oktavu mbili. Kwa mfano wa hapo juu zitaangukia robo ya 2, 3, 6, 7, 10, 14, 15, 19, 20 na 23. Mdundo huo ni mgumu kuubuni kwa kichwa, lakini hapa umejitokeza wenyewe. Mpeni hi-hati aufuate, kisha msikilize.

Kompyuta mbili ziunganisheni kwa Ableton Link, mfumo wa kuoanisha mwendo wa programu za muziki, kupitia hotspoti ya simu. Haihitaji bando, mtandao wa ndani tu unatosha. Mkitumia waya wa midi, unaobeba alama za noti na mwendo, saa hutuma alama 24 kwa kila pigo, na mmoja tu ndiye awe bwana wa mwendo. Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa) ya vipande 256, kwa kasi ya vipande 44,100 kwa sekunde, inachelewesha milisekunde 5.8, na 512 inafika 11.6. Kwa robo ya milisekunde 100, tofauti hiyo kati ya kompyuta mbili inasikika kama kuchechemea. Dawa yake: kila kompyuta ipige kofi moja kwa wakati mmoja kupitia miksa ileile, kisha msogeze ucheleweshaji wa mmoja, milisekunde moja moja, mpaka makofi mawili yawe moja.

Ngoma za ngozi ziingizeni kwa uangalifu. Embuutu (ngoma kubwa ya Buganda) na kiki hugombania sehemu ileile ya chini, kwa hiyo kata embuutu chini ya hezi 90 na uiachie kiki hezi 50 hadi 60. Engalabi (ngoma ndefu nyembamba) haisumbui, iacheni ilie. Nihiloxica, kundi la Kampala linalochanganya ngoma za Buganda na sintesaiza, ni shule nzuri ya jambo hili: ngoma zinabaki mbele, mashine zinajaza hewa iliyobaki.

Kwa wawili wanaotaka mfano, sikilizeni Otim Alpha na Leo Palayeng wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, waliohamishia ngoma ya larakaraka ya harusi za Waacholi kwenye kompyuta. Msikilize jinsi sauti ya mwimbaji inavyopata nafasi ndani ya mdundo wa kasi. Kutoka Dar es Salaam kuna Sisso na Maiko, ambao kwenye singeli yao, muziki wa kasi wa jiji hilo, kinanda kinakimbizana na lupu bila kuchoka. Nakibembe Embaire Group wa Busoga hawatumii umeme katika embaire yao, marimba kubwa ya mbao, lakini hakuna darasa bora la kufumana. Mwanamuziki Afrorack alijiundia sintesaiza yake mwenyewe Kampala. Kwake, sikilizeni mdundo unavyobadilika taratibu.

Siku ya shoo, miksa iwe na UPS (betri ya dharura) yake. Umeme ukikatika kompyuta zinaendelea kwa betri, lakini miksa inazima. Mkisikia mlio wa hezi 50 kwenye spika, chomekeni vifaa vyote kwenye tundu moja, na kila kompyuta ipite kwenye boksi la DI (kiunganishi kati ya kompyuta na miksa) lenye swichi ya kutenganisha ardhi. Kamwe msiondoe waya wa ardhi kwenye plagi.