Namna ya kufuma duara la kroshia lisilogeuka kawa

Kitambaa kidogo cha duara cha kuwekea glasi ndicho kazi ya kwanza tunayompa kila anayetaka kufuma kwa kujifurahisha. Kinakula uzi mdogo, kinakwisha kwa jioni moja au mbili, na ndani yake mna hesabu yote utakayoihitaji baadaye kwa kofia, mkoba wa sokoni au kitambaa kikubwa cha meza. Wengi huanzia kwenye sweta, wakachoka kabla ya kufika mikononi. Na kwa joto la Mtwara na Lindi, sweta lenyewe utalivaa wapi? Labda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako asubuhi za Juni na Julai zina baridi.

Duara lina ugonjwa wa namna mbili. Ama kingo zinainuka likawa kama kawa la kufunikia chakula, ama zinajikunja kama jani la saladi. Magonjwa yote mawili yanatokana na hesabu, na yote yana dawa.

Uzi na sindano

Nunua uzi wa pamba tupu, wenye unene unaokaribia njiti ya kiberiti. Pamba inanyonya maji yanayochuruzika kwenye glasi ya baridi, na mkono unaotoka jasho unaivumilia kuliko uzi wa plastiki unaouzwa kwa jina la sufu. Tena uzi wa plastiki ukiwekewa sufuria iliyotoka motoni unayeyuka na kuganda mezani. Ukikuta uzi usio na lebo, kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibanio juu ya sahani, ukichome. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Plastiki inajikunja, inayeyuka na kuacha punje ngumu.

Chukua rangi ya mwanga: maziwa, manjano, bluu ya maji. Uzi mweusi unaficha mafundo, na anayejifunza anahitaji kuyaona. Bunda moja la gramu 50 linatoa vitambaa kadhaa, kwa sababu kimoja cha sentimita 10 hakimalizi hata gramu 10. Kwa kazi kubwa, nunua uzi wote siku moja na uhakikishe namba ya rangi kwenye lebo inafanana. Rangi ile ile iliyotiwa kwenye pipa tofauti hupishana kidogo, na tofauti hiyo utaiona ukiwa umeshafika nusu ya kazi. Anayeishi Liwale au Nachingwea hawezi kurudi dukani mjini kila anapopungukiwa, kwa hiyo aongeze bunda moja la akiba.

Sindano ya kroshia ni ile moja yenye ncha kama ndoano. Kwa uzi huu tumia ya milimita 4. Chagua ya alumini au ya mwanzi. Ya chuma inafaa kwa uzi mwembamba wa vitambaa vya makochi, ila hewa ya bahari inaipigisha kutu haraka, na doa la kutu kwenye pamba nyeupe halitoki kwa sabuni. Ukimaliza kufuma, ifute kwa kitambaa kikavu.

Neno moja kwa msimu wa korosho, kuanzia Oktoba. Mafuta yaliyo kwenye ganda la korosho yanaunguza ngozi na kuacha rangi ya kahawia mikononi, na maji ya bibo yakidondokea kitambaa hayafuliki. Aliyeshinda akibangua au kuokota korosho anawe vizuri kwa sabuni, au aache uzi mpaka kesho yake.

Mafundo mawili ya kujua

Mnyororo ni kukamata uzi kwa ndoano na kuupitisha ndani ya kitanzi kilicho kwenye sindano. Basi.

Fundo fupi: choma sindano chini ya nyuzi mbili za juu zinazofanya umbo la V, kamata uzi, uvute upande wako. Sasa una vitanzi viwili. Kamata uzi tena, upitishe ndani ya vyote viwili kwa mpigo mmoja. Kosa la kawaida hapa ni kuchoma chini ya uzi mmoja tu wa ile V. Kitambaa kinatoka na mistari na kinalegea.

Aliyewahi kusuka ukili anajua jambo lingine: mkono ukaze sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Pitisha uzi juu ya kidole cha shahada cha mkono usioshika sindano, uuzungushe mara moja kwenye kidole kidogo, na uache vidole hivyo viukaze. Usivute kwa sindano. Ukiona ncha haiingii kwenye fundo lililopita mpaka uilazimishe, unakaza mno.

Duara lenyewe

Funga kitanzi cha kuanzia kwenye sindano, kile kinachokazika uzi ukivutwa, fuma minyororo 2, kisha fuma mafundo mafupi 6, yote ndani ya mnyororo wa kwanza kabisa uliofuma, ule ulio mbali na sindano. Huo ni mzunguko wa kwanza.

Usiunganishe. Endelea kuzunguka kama konokono, na kwenye fundo la kwanza la kila mzunguko chomeka pini ya nepi au kipande cha uzi wa rangi nyingine. Bila alama hiyo hutajua mzunguko umeanzia wapi, na hapo ndipo hesabu hupotelea.

Mzunguko wa 2: mafundo mawili ndani ya kila fundo, yatimie 12. Wa 3: fundo moja, halafu mawili ndani ya linalofuata, urudie mara 6, yatimie 18. Wa 4: mafundo mawili peke yake, halafu mawili ndani ya moja, mara 6, yatimie 24. Unaona mwendo wake: kila mzunguko unaongeza 6. Wa 5 una 30, wa 6 una 36, na ukifika wa 10 una 60, ambapo kitambaa kina upana wa takriban sentimita 10.

Kwa nini 6 na si 5 au 8? Fundo fupi lina kimo kinachokaribia upana wake. Kila mzunguko unasogeza kingo nje kwa kimo cha fundo moja, na mzingo wa duara huongezeka kwa zaidi kidogo ya mara sita ya urefu huo. Ukiongeza mafundo 5, mzingo unabana na kingo zinainuka: kawa. Ukiongeza 8, mzingo unazidi nafasi yake na unajikunja. Fundo refu, ambalo kimo chake ni kama mara mbili, linahitaji nyongeza ya 12 kwa sababu hiyo hiyo. Ukiielewa sababu hii hutahitaji kukariri chati ya mtu.

Kila baada ya mizunguko mitatu weka kazi juu ya meza, uilaze kwa kiganja. Kuinuka kidogo katika mizunguko ya kwanza si hoja, kufua kutakulaza. Ikiinuka sana, hesabu kabla ya kufumua. Mara nyingi utakuta umeruka fundo la kwanza baada ya alama, na kila mzunguko umepungukiwa moja. Hesabu ikiwa kamili, basi ni mkono: badilisha sindano iwe ya milimita 4.5 au 5. Kingo zikijikunja na hesabu ni sahihi, shuka hadi 3.5. Usijidanganye kwamba mzunguko unaofuata utarekebisha. Hautarekebisha. Fumua hadi pale hesabu ilipokuwa nzuri. Uzi wa pamba unavumilia kufumuliwa mara nyingi.

Kuna ila nyingine ndogo. Nyongeza zikikaa juu ya nyongeza kila mzunguko, duara linatoa pembe sita kama nati. Ili zijifiche, sogeza nyongeza katika mizunguko ya namba shufwa. Mathalani mzunguko wa 4 ufume hivi: fundo moja, mawili ndani ya linalofuata; kisha mafundo mawili peke yake na mawili ndani ya moja, mara 5; umalizie na fundo moja. Jumla ni 24 vilevile.

Kumaliza, fuma mafundo mawili ya kuteleza, yaani choma, kamata uzi, uupitishe moja kwa moja ndani ya kila kitu. Yatasawazisha ngazi ya mwisho. Kata uzi ukiacha mkia wa sentimita 15, uupitishe kwenye kitanzi cha mwisho na kuvuta. Kwa sindano nene butu, upitishe mkia upande wa nyuma kwenda, kurudi, na kwenda tena. Kufunga fundo la kawaida peke yake hakutoshi, pamba huteleza. Mkia wa katikati uzungushe kwenye vitako vya yale mafundo 6 ya kwanza, uvute, tundu lizibe.

Ukianza kufuata michoro ya mtandaoni, chunga herufi «dc», kifupi cha Kiingereza cha «double crochet». Katika michoro ya Marekani ni fundo refu. Katika ya Uingereza ni fundo fupi. Ukifuma moja badala ya jingine, duara litaharibika na utajilaumu bure.

Kufua, kunyoosha na kutunza

Pamba husinyaa kidogo ikifuliwa mara ya kwanza. Kwa rangi kali, loweka kwanza kipande cha uzi kwenye maji ya uvuguvugu, kisha ukibane ndani ya kitambaa cheupe uone kama kinatoa rangi. Kama kisima chako kina maji ya chumvi, suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba. Usianike kitambaa kwenye kamba, pamba iliyolowa ni nzito na itajivuta. Kilaze kivulini juu ya taulo.

Anayetaka kitambaa kikakamavu, atumie wanga wa muhogo. Ukune muhogo mbichi, uuchanganye na maji, uchuje kwa kitambaa, uache maji yatulie kwa saa tatu au nne, kisha umwage ya juu. Utope mweupe wa chini ndio wanga. Unga wa makopa haufai, unaacha vidoa vya kijivu. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga kwenye nusu kikombe cha maji baridi, mimina vikombe viwili vya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uwe angavu. Ukipoa, chovya kitambaa, kikamue bila kukisokota, kilaze juu ya kipande cha godoro la sponji kilichofunikwa kwa nailoni, ukipige pini zisizoshika kutu kuzunguka kingo. Kipimo hiki kinatosha vitambaa vinne au vitano.

Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kitambaa chenye wanga kinalegea kwa unyevu, na wanga huo unaita mende. Kwa hiyo ukitaka kukihifadhi kabatini miezi hiyo, kifue wanga wote utoke, kikauke kabisa, ukifunge kwenye kipande cha kanga badala ya mfuko wa nailoni, ambao unafungia unyevu ndani na kuleta madoa meusi ya ukungu. Wanga utautia tena upepo wa kusi ukianza kukausha hewa.