Saa ya kurudi: kumzoeza shefu wa avenyu kusema na watu siku ya hatari

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 nilikuwa zamu ya jioni katika redio ndogo hapa Goma, mashariki ya Kongo. Giza lilipoingia, anga upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, likawa jekundu. Umeme ukakatika sehemu kubwa ya mji, tukawasha jenereta. Simu ya studio haikutulia hata dakika moja. "Dada, tunatoka ao tunabaki?" Sikuwa na jibu. Nilimpigia kila mkubwa niliyekuwa na namba yake. Wengine hawakushika, na mmoja akaniambia ningoje, tangazo linakuja. Nikangoja. Na wakati nangoja, niliweka nyimbo.

Siku nyingi baadaye mama mmoja wa mtaa wa Majengo alinieleza, bila hasira yoyote, kwamba saa ile alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni na mfuko wenye karatasi zake za muhimu uko mkononi. Aliposikia redio inaimba, akafungua kitenge, akamlaza mtoto tena. "Nilijua kama kuna hatari mungesema." Lava ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege, haikufika mlangoni kwake. Lakini maneno yake sijayasahau. Nilidhani nimenyamaza, kumbe wimbo ule ulikuwa tangazo.

Tangu mwaka ule nafundisha mashefu wa avenyu (viongozi wa barabara moja ya makazi), watu wa nyumba kumi (wanaosimamia nyumba kumi kumi), wakuu wa kartie (mtaa wenye avenyu nyingi), wachungaji, maimamu, wakuu wa shule, viongozi wa motari (waendesha pikipiki) na mama wakubwa wa soko. Ninaandika hapa jinsi ninavyofanya, kwa yeyote mwenye kazi kama hii, awe Goma, Bukavu au kwingine.

Nani wa kufundisha, na wapi

Siku ya hatari watu hawamuulizi gavana. Wanamuuliza anayekaa karibu nao, ambaye walikutana naye bombani asubuhi. Kwa hiyo anza na huyo. Mkubwa wa juu ana watu wa kumwandikia maneno. Shefu wa avenyu ana kinywa chake tu.

Chukua watu kumi na wawili hadi kumi na watano, usizidishe, maana kila mmoja lazima asimame aseme mara nne au tano kwa siku. Usiwapeleke kwenye ukumbi wa hoteli. Wafundishe katika parseli, kiwanja cha nyumba, ya mmoja wao, juu ya mawe ya lava, watoto wakilia, motari wakipita, mvua ikipiga mabati kama itanyesha. Sauti inayosikika ukumbini haisikiki mtaani Birere. Na changanya: wanaume peke yao watasahau maswali ambayo mama huuliza kwanza, yaani mtoto, mgonjwa, maji na chungu kilicho motoni.

Sentensi nne

Mwanzoni mwa siku namwambia kila mmoja atangaze kwamba mlima umelipuka, aseme kama angesema kwake. Narekodi kwa simu. Karibu wote hutoa kitu cha namna hii: "Wananchi wapendwa, kufuatia hali inayojiri, viongozi wanafuatilia kwa karibu, tunawaomba mtulie na msiwe na hofu." Kisha namruhusu mama mmoja wa soko aulize. Katika kikao kimoja yule mama aliuliza swali moja tu: "Nitulie ndani ya nyumba ao inje?" Shefu akakosa neno. "Tulieni" haimwambii mtu afanye nini kwa miguu yake.

Ndipo nafundisha sentensi nne, na siku nzima hatutoki humo: tunachojua, ambacho bado hatujui, fanyeni hivi sasa, nitarudi saa fulani. Shefu yule yule, baada ya kurudia mara tatu, alisema hivi:

"Poleni na hofu. Mimi ni shefu wenu. Sasa ni saa moja ya jioni. Mlima umelipuka, lava inashuka upande wa Buhene. Kama itafika hapa kwetu, bado hatujui. Ingizeni watoto na wazee karibu na mlango, mshike karatasi zenu, maji na dawa, zimeni moto wa jikoni. Nitarudi hapa hapa saa moja na nusu, hata kama sina habari mpya."

Nikamchezea sauti yake ya kwanza, halafu hii. Alisikiliza zote mbili akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaomba zirudiwe.

Sentensi ya pili ndiyo inayowashinda wakubwa. Wanaona aibu kusema "hatujui" mbele ya watu. Lakini ukijifanya unajua, watu watajua umewadanganya kabla ya asubuhi, na kesho hata ukisema kweli hawatasikia. Mwambie mwanafunzi wako aongeze mara moja nani anayetafuta jibu: "Bado hatujui, tumewauliza watu wa volkano." Hapo "hatujui" inakuwa kazi inayoendelea.

Sentensi ya nne naifundisha kwa saa ya kweli. Nina shefu mmoja mzee aliyekataa kabisa: "Nisimame mbele ya watu kusema sina kitu?" Tulipanga arudi saa nne na dakika ishirini. Dakika hiyo ikakuta watu wako kwenye chai, wanacheka, vikombe mkononi. Alisimama, akapiga kofi mara mbili. "Nilisema nitarudi saa nne na dakika ishirini. Nimerudi. Wakubwa hawajanijibu. Tubaki vilevile kama nilivyosema. Narudi saa tano." Akakaa. Watu kumi na wanne wakanyamaza, na hakuna aliyeuliza swali. Mama mmoja akasema polepole, "Huyu ningemungojea."

Angalia pia saa yenyewe. Hapa wengine wanasoma saa kwa Kiswahili, wengine kwa Kifaransa, na mtu akisikia "saa nane" mwingine anaelewa saa mbili. Taja saa pamoja na jua: saa kumi na mbili, jua likizama.

Neno linaloumiza

Wakubwa wanapotafsiri kutoka Kifaransa wanasema "mtahamishwa". Kwa mtu wa Goma kuhama ni kuacha parseli, labda moja kwa moja. Baba atabaki akilinda mawe yake huku lava inashuka. Sema "tunatoka kwa muda", na useme nani atabaki kulinda avenyu, kama yupo.

Neno lingine ni "linaweza". Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021 gavana wa kijeshi aliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji zitoke, maana wataalamu walikuwa wameona dalili za magma chini ya mji na chini ya ziwa, na mlipuko mwingine ungeweza kuja bila onyo. Ungeweza. Ziwa Kivu lina gesi nyingi chini kabisa, kaboni dioksidi na methani, na wote tumesikia habari za Ziwa Nyos kule Kamerun, ambako mwaka 1986 gesi ilitoka majini ikaua watu wapatao 1,700. Basi "linaweza kulipuka" likawa "litalipuka" kabla halijafika kartie ya Ndosho. Kwa hiyo nafanya zoezi la duara: namnong'oneza wa kwanza, "Wataalamu wanasema ziwa linaweza kutoa gesi, lakini hawajaona dalili hiyo leo," na neno liende sikio kwa sikio. Mwishoni namuuliza kila mmoja alichosikia. Mara nyingi "linaweza" hufa kwa mtu wa tatu au wa nne, na "hawajaona dalili" haifiki mbali zaidi. Wakishaona kwa masikio yao wenyewe, wanajifunza kurudia neno hilo mara mbili na kumwomba msikilizaji alirudishe.

Rangi nazo zinahitaji miguu. Kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma kinaonyesha kiasi cha hatari kwa kijani, njano, rangi ya machungwa na nyekundu. Mtu akisikia "machungwa" afanye nini? Shefu afunge kila rangi na tendo: njano, weka karatasi zako pamoja na sikiliza redio, machungwa, mfuko uwe mlangoni na mgonjwa awe amepata wa kumbeba, nyekundu, tunatoka.

Siku ile ya 27 watu waliondoka kwa mamia ya maelfu, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua kwenda Bukavu. Hata wa kartie ambazo hazikutajwa walitoka, kwa sababu walisikia "Goma inatoka". Mfundishe shefu ataje kilichomo na kisichomo: "Avenyu yetu imo" au "Avenyu yetu haimo, jirani yetu ng'ambo ya barabara yumo." Mamia ya watoto walipotezana na wazazi njiani. Kwa hiyo katika tangazo lolote la kutoka, iwepo sentensi ya mtoto: andika jina lake na namba ya simu ya mzazi kwa kalamu mkononi, kabla ya kufunga mlango. Inachukua dakika moja. Tunaifanya siku ya mafunzo, kila shefu anamwandika mwenzake.

Na usisahau mazuku. Hewa ile mbaya ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa mashimoni na mabondeni, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Huioni. Watu wanaokimbia na kulala nje wanaweza kujilaza humo bila kujua. Shefu aseme wazi: msilale shimoni, msiwalaze watoto chini bondeni, na ukiona mnyama mdogo amekufa pale, panda juu.

Uvumi na msiba

Hapa nakaa muda mrefu. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Katikati yake, tarehe 26 Desemba 2018, uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa Beni. Tangu hapo, ukisema Ebola, wengi walisikia siasa. Hakuna daktari aliyeweza kulifuta hilo kwa karatasi za maelezo.

Ndiyo maana nafundisha kumuuliza mleta uvumi kabla ya kumjibu: ulisikia kwa nani, unaogopa nini hasa, kitu gani kikitokea utaamini? Usimwite mjinga. Usirudie uvumi kwenye megafoni, maana wa mwisho barabarani atasikia nusu tu. Sema kweli yenyewe, kwa maneno yako, na utaje unachoweza kumwonyesha kwa macho. Ugonjwa ulipofika Goma, Julai 2019, kilichowasadikisha watu wa avenyu nyingi ni kumwona shefu mwenyewe akinawa kwa klorini mlangoni, kila mara, hata alipoharakisha.

Halafu msiba. Familia inaambiwa isimwoshe marehemu wake. Katika zoezi hili mmoja anakuwa mtoto wa marehemu, na shefu anamwendea. Anayeanza na "ni marufuku" namsimamisha. Anza na pole, taja jina la marehemu, kaa chini kama wamekaa chini. Kisha sema kinachowezekana kabla ya kisichowezekana: mtamwona, mtachagua nguo na sanduku, mchungaji au imamu ataomba, mtakuwapo kaburini kwa umbali. Mwishowe sema lisilowezekana, na sababu yake kwa sentensi moja: mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi vingi, na anayeuosha ndiye anayefuata. Nimeona watu wazima wakilia katika zoezi hili, kwa sababu wanamkumbuka wao. Usiliharakishe.

Mambo madogo

Megafoni iwe na betri za akiba. Simu iwe na uniti na betri ya kuchajia. Daftari liandikwe kila tangazo na saa yake, ili ukikosea ujue ulisema nini. Ukikosea, rudi kwa watu wale wale, mahali pale pale: "Saa mbili niliwaambia barabara ya Sake iko wazi. Nilikosea. Imejaa, pitieni huku." Tafuta mapema anayejua Kinande, Kinyarwanda na Kihunde avenyuni kwako. Mwandishi wa habari akikuuliza jambo la kartie nyingine, mpe namba ya shefu wa kule.

Na neno moja la kujihadhari. Mji huu umeona mlima ukimwaga lava mwaka 1977, 2002 na 2021. Zoezi likisikika nje ya ukuta, watu wataanza kufunga mifuko. Waambie majirani siku moja kabla, weka mtu mlangoni, anza na umalize kila tangazo kwa "hili ni zoezi". Nilisahau mara moja kumweka mtu wa mlangoni, na msichana aliyekuwa akipita na bidoni ya maji aliitupa akakimbilia kwao. Nilimfuata hadi kwa mama yake kuomba radhi.

Baada ya mwezi rudi kwao. Usirudie somo. Mpigie kila mmoja simu asubuhi mapema, sema ni zoezi, mpe habari mbili za kweli na moja isiyothibitishwa, umpe dakika tano akupigie na sentensi zake nne. Sikiliza kama ametenganisha. Sikiliza kama ametaja saa.

Kwenye studio yetu, ukutani juu ya mashine ya sauti, nimebandika karatasi kwa ajili ya yeyote atakayekuwa zamu: "Ni saa ... Bado hatujapata tangazo. Tumepiga kwa ... na kwa ... Kaeni tayari. Tunarudi baada ya dakika kumi na tano." Chini yake, kwa kalamu nyekundu: usiweke wimbo.