Kutazama ndege Msimbati bila kuzingirwa na maji
Anayekwenda kutazama chekeamwezi na sululu kwenye fukwe za Msimbati, mkoani Mtwara, aulize kwanza maji yataanza kujaa wakati gani, kwa kuwa ndege hao husogea karibu na nchi kavu maji yanapojaa, na kwa sababu hiyo mtazamaji hunogewa na darubini wakati uleule anaopaswa kuondoka. Hatari haitoki mbele anakotazama, bali nyuma yake, kwenye vijito vya mikokoni alivyovipita vikiwa vikavu, ambavyo hujaa kabla fungu la mchanga alilosimama juu yake halijafunikwa.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda zaidi, na kasi yake huwa kubwa kuanzia muda wa saa mbili hivi baada ya kuanza kujaa. Ratiba ya jana haifai leo, kwani maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa maoni yangu, mvuvi wa hapo ni msaada mkubwa kuliko simu, ambayo hata hivyo ifungwe katika mfuko usiopenya maji. Viatu viwe vya kufunga kwa kamba, maana tope la mikoko huvua kandambili bila taabu.

Upande wa mlango wa Mto Ruvuma kuna mamba na viboko. Huko usisimame ukingoni, wala usifuate njia zilizopasuliwa na viboko kwenye matete alfajiri au jioni, hata ndege wawe wengi kiasi gani.